HOJA ZA UTARATIBU KATIKA BARAZA LA KUIGIZA LA UMOJA WA MATAIFA



Ndugu wanafunzi, pamoja na wazazi mnaosoma jarida hili nyumbani, katika toleo hili tumeombwa kuandika somo juu ya hoja za utaratibu. Hizi ni zile hoja ambazo mjumbe huzitoa si kwa ajili ya kulisema jambo linalojadiliwa, bali kwa ajili ya kuamua jambo hilo lijadiliwe vipi, kwa muda gani, na lipigiwe kura lini. Tumekubali kuliandika kwa sababu sisi walimu wa klabu ya midahalo tunalo deni kwa wanafunzi wetu, na deni lenyewe tutalieleza punde.

Kwa wale ambao hawajawahi kushiriki, baraza la kuigiza ni mkutano ambamo wanafunzi huketi kama wajumbe wa nchi katika Umoja wa Mataifa. Kila mmoja hupewa nchi, na aghalabu si nchi yake. Husoma msimamo wa nchi hiyo, kisha huja kuutetea hata kama moyoni hakubaliani nao. Hapa kwetu vijana wa jumuiya ya YUNA wamekuwa wakiandaa mabaraza ya namna hii, na wanafunzi wa Afrika Mashariki wamewahi kukutana kwa ajili hiyo Gigiri, Nairobi, katika majengo yenyewe ya Umoja wa Mataifa. Sisi wa Njombe na Makambako tunajifunza kwa viti vya plastiki na vibao vya maboksi vilivyoandikwa majina ya nchi kwa kalamu ya wino mzito, lakini kanuni ni zile zile.

YALIYOTUPATA JUMAMOSI MOJA

Mwaka jana, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, wenzetu wa Makambako walipanda Coaster asubuhi wakaja Njombe, mwendo wa kilomita kama 60, kwa ajili ya zoezi la pamoja. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba wajumbe wa nchi za joto walikuwa wamevaa makoti mawili mawili. Mada ilikuwa haki ya nchi zisizo na bahari kupitisha mizigo yao katika bandari na barabara za jirani. Binti mmoja wa Makambako alipewa Zambia. Alikuwa ameandika kurasa nne kwa mkono wake, na kwa muda wa wiki mbili alikuwa akiuliza wazee wa pale kituo cha reli mambo ya mabehewa na shaba. Jina lake lilikuwa la mwisho katika orodha ya wasemaji.

Ilipokaribia adhuhuri, kijana mmoja akainua kibao chake akasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kutoa hoja ya kuahirisha mjadala." Alichotaka ni watu waende kuswali. Aliyekuwa kitini ni mmoja wetu walimu, naye akaipokea hoja kama ilivyotamkwa, akaipigisha kura, mikono ikainuka karibu yote, tukaenda kutawadha.

Tuliporudi, na binti yule akiwa tayari ameshika karatasi zake, mjumbe aliyekuwa akiwakilisha nchi moja yenye bandari alisimama akasema: "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Baraza limekwisha kuahirisha mjadala wa mada hii. Haiwezi kuzungumzwa tena." Tukatazama kanuni. Kijana alikuwa sahihi. Kikao kilikuwa bado kiko hai, lakini mada ilikuwa imewekwa kando, na kwa kanuni tulizokuwa tukizitumia, kuirudisha kulihitaji theluthi mbili ya wapigao kura. Wakapiga kura wajumbe 17. Waliotaka mada irudi walikuwa 11, na sita walikataa kwa kuwa nchi zao zilinufaika na ukimya. Theluthi mbili ya 17 ni zaidi ya 11 kidogo, kwa hiyo walihitajika 12. Ikakosekana kura moja.

Binti yule alikunja karatasi zake akaziweka ndani ya mkoba. Hakulia, wala hakulalamika, na hilo lilituumiza zaidi. Baadaye, wakati wa chai, walimu tulibishana. Mmoja alisema tungeivunja kanuni kwa siku ile moja. Mwingine alisema tukiivunja kwa sababu ya huruma leo, kesho itavunjwa kwa sababu ya upendeleo. Hatukuafikiana, ila wote tulikubali kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu. Mwenyekiti angeweza kuuliza swali moja tu: "Mjumbe, unakusudia kusitisha kikao au kuahirisha mjadala?" Hilo ndilo deni tulilolitaja, na somo hili ni sehemu ya kulilipa.

HOJA YA MSINGI NA HOJA YA UTARATIBU

Wengi wenu mmesikia matangazo ya Bunge letu la Dodoma. Mbunge husema, "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja," na wenzake husimama kuonyesha kwamba wanaafiki. Mwingine hukatiza kwa sauti, "Kuhusu utaratibu!" Yule wa kwanza anaweza kuwa anatoa hoja ya msingi, yaani jambo lenyewe: bajeti, muswada, azimio. Yule wa pili hasemi lolote juu ya bajeti. Anasema kwamba kanuni imevunjwa, na anamtaka aliyeko kitini aamue.

Katika Umoja wa Mataifa mambo ni hivyo hivyo. Anayesimama kuhusu utaratibu haruhusiwi kutumia nafasi hiyo kuingiza maneno juu ya mada yenyewe. Mwenyekiti hutoa uamuzi papo hapo. Mjumbe asiyeridhika anaweza kuukatia rufaa mbele ya baraza, na rufaa hiyo hupigiwa kura mara moja. Uamuzi wa mwenyekiti husimama isipokuwa wengi wa wanaopiga kura wameutengua. Wanafunzi wetu huogopa sana rufaa hii wakidhani ni utovu wa adabu. Si utovu wa adabu, maadamu imetolewa kwa heshima na mara chache.

Jambo la kukariri hapa ni maana ya maneno "waliohudhuria na kupiga kura." Kwa kanuni za Baraza Kuu, hao ni wale waliosema ndiyo au hapana tu. Aliyejizuia hahesabiwi kabisa. Ndiyo maana katika hesabu ya theluthi mbili hatuangalii idadi ya viti ukumbini, tunajumlisha ndiyo na hapana. Hata hivyo mabaraza mengi ya wanafunzi hayamruhusu mjumbe kujizuia katika kura ya utaratibu, ingawa kwenye Umoja wa Mataifa wenyewe inaruhusiwa. Ulizeni kabla ya kuanza.

NGAZI YA HOJA NNE

Kanuni ya 77 ya Baraza Kuu imezipanga hoja nne kwa ngazi, na inayotangulia hupewa nafasi kabla ya nyingine zote zilizoko mezani, hata kama imetolewa baadaye. Ya kwanza ni kusitisha kikao: tunatoka, tunarudi, tunaendelea pale pale. Ya pili ni kuahirisha kikao, yaani kikao cha leo kimekwisha. Ya tatu ni kuahirisha mjadala wa mada, na ya nne ni kuufunga mjadala ili kura ipigwe.

Tazameni tofauti ya maneno. Mbili za mwanzo zinahusu watu kuondoka au kubaki ukumbini. Mbili za mwisho zinahusu uhai wa mada. Kijana wetu wa adhuhuri alihitaji hoja ya kwanza, ile ya kusitisha kikao kwa dakika 40, nayo haina hata majadiliano: ikitolewa hupigiwa kura hapo hapo. Badala yake alichukua ya tatu.

Ya tatu na ya nne zina masharti ya wasemaji kwa sababu ni nzito. Mtu akiomba kuahirisha mjadala, wanaruhusiwa wawili kuunga mkono na wawili kupinga, ndipo kura ipigwe. Akiomba kuufunga mjadala, wanaruhusiwa wawili tu, nao ni wa kupinga. Kwa nini wa kupinga peke yao? Sisi tunaona ni kwa sababu anayetaka kufunga mlango ana nguvu tayari, na anayebaki nje ndiye anayehitaji kusikilizwa. Laiti binti wa Makambako angelijua kwamba ana haki ya kusimama kupinga siku ile, tusingefika kwenye kura ile ya 11 kwa sita.

Katika mabaraza ya wanafunzi mtakuta pia hoja ambazo hazimo katika kanuni za Baraza Kuu kwa majina hayo. Ipo ya kuomba mazungumzo mafupi yanayoongozwa na mwenyekiti juu ya kipengele kimoja, na ipo ya kuomba mazungumzo huru ambapo wajumbe huinuka vitini, wakatafutana na kuandika rasimu. Kwa hiyo ya mwisho, wanadiplomasia wa kweli husitisha tu kikao wakazungumza varandani. Anayeomba lazima ataje muda, na kwa ile inayoongozwa ataje pia kipengele na dakika za kila msemaji. Kusema "naomba tujadiliane kidogo" hakutoshi. Kidogo ni dakika ngapi?

RELI YA MAKAMBAKO NA KURA YA MWAKA 1971

Pengine mtasema mambo haya ni michezo ya ukumbini. Basi tuwape kisa cha kweli ambacho nchi yetu ilikuwa katikati yake.

Wanafunzi wa Makambako wanaiona reli ya TAZARA kila siku. Makubaliano ya kuijenga yalitiwa saini mwaka 1967 baina ya Tanzania, Zambia na China, kazi ikaanza mwaka 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa mwaka 1976. Lakini wakati Wachina wanaanza kuchimba mahandaki ya milima ya kwetu, nchi yao haikuwa na kiti katika Umoja wa Mataifa. Kiti cha China kilikaliwa na wajumbe wa serikali ya Chiang Kai-shek, iliyokuwa imekimbilia Taiwan mwaka 1949.

Je, walizuiwaje muda wote huo? Kwa sehemu kubwa walizuiwa kwa hoja za utaratibu. Katika miaka ya 1950 Marekani na washirika wake walipitisha mwaka baada ya mwaka uamuzi kwamba suala la China lisijadiliwe katika mkutano wa mwaka huo. Nchi nyingi mpya zilipojiunga, njia hiyo ikawa dhaifu, wakabuni nyingine. Tarehe 15 Desemba 1961, siku moja tu baada ya Tanganyika kuingia Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 1668 lililosema kwamba badiliko lolote la uwakilishi wa China ni "suala muhimu." Maana yake, litahitaji theluthi mbili.

Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 1970. Azimio la kuipa China kiti chake lilipata kura 51 za ndiyo, 49 za hapana, na nchi 25 zikajizuia. Ndiyo ilikuwa nyingi, na azimio likaanguka! Jumlisheni 51 na 49, tafuteni theluthi mbili ya 100, mtaona kwamba zilitakiwa kura 67.

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, mambo yaligeuka. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio, na mwakilishi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar, mwenye umri wa miaka 29. Uenyekiti wa Baraza Kuu ulikuwa kwa Adam Malik wa Indonesia. Kabla ya azimio lenyewe kufikiwa, hoja za utaratibu zilifuatana kama mawimbi. Mwakilishi wa Saudi Arabia, Jamil Baroody, aliomba upigaji kura uahirishwe, akashindwa kwa tofauti ndogo. Marekani iliomba hoja yake ya "suala muhimu" itangulizwe kupigiwa kura, ikakubaliwa. Kisha hoja hiyo yenyewe ikapigiwa kura: ndiyo 55, hapana 59, waliojizuia 15. Imeanguka. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na wajumbe wa Tanzania walikuwa mbele katika kushangilia.

Bado haikuwa mwisho. Azimio lilikuwa na mambo mawili ndani yake: kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China haki zake, na kuwaondoa wajumbe wa Chiang Kai-shek. Marekani ikaomba yatenganishwe, lile la kuwaondoa lipigiwe kura peke yake. Hoja ya kutenganisha vipengele ni halali kabisa, imo katika kanuni ya 89. Kama ingepita, kipengele kile kingeweza kuanguka na serikali zote mbili zikakaa ukumbini. Ilipata ndiyo 51, hapana 61, waliojizuia 16. Wajumbe wa Taiwan wakatangaza kujitoa, wakaondoka. Ndipo azimio namba 2758 likapita kwa kura 76 dhidi ya 35, na 17 wakajizuia.

Mwanafunzi wetu mmoja, hodari wa hesabu, alituuliza swali zuri. Alisema: 76 na 35 ni 111, theluthi mbili ni 74, basi azimio lingepita hata kama hoja ya Marekani isingeanguka, sasa kelele zote zile za nini? Tulimjibu kwamba hesabu yake ni sahihi, lakini kura ya mwisho ilipigwa na watu waliokwisha kuona nani ameshinda. Nchi iliyokuwa ikisitasita husogea upande wa mshindi. Kura ya 59 kwa 55 ndiyo iliyowasogeza. Alikubali nusu nusu, nasi tunamheshimu kwa hilo.

Kwa Salim Ahmed Salim, usiku ule uliacha alama ya muda mrefu. Mwaka 1979 alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu, akakalia kiti kile kile cha kuamua hoja za utaratibu. Mwaka 1981 alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi, na wengi wameihusisha turufu hiyo na shangwe za mwaka 1971.

NAMNA YA KUITOA HOJA

Turudi kwenye viti vyetu vya plastiki. Inua kibao, usipige kelele. Subiri msemaji amalize, isipokuwa kanuni imevunjwa hapo hapo au humsikii anayesema. Ukipewa nafasi, sema jina la nchi, si lako: "Zambia inaomba kutoa hoja ya kusitisha kikao kwa dakika 40." Basi, kaa. Wengi wenu huharibu hapo kwa kuongeza hotuba. Hoja ya kusitisha haina hotuba.

Ukisimama kuhusu utaratibu, taja kilichovunjwa kwa sentensi moja. Na kama hujui kanuni inasemaje, usijifanye unajua, uliza. "Mheshimiwa Mwenyekiti, Zambia inaomba kujua kura hii inahitaji wingi wa kawaida au theluthi mbili?" Swali hili moja, likiulizwa kabla ya kura, limeokoa maazimio mengi kuliko hotuba ndefu.

Kuna tabia moja inayotuudhi, nayo ni ya mjumbe hodari wa kanuni anayefunga mjadala kila anapoona wadogo wanakaribia zamu yao. Anafanya halali, lakini anawanyima wenzake sauti waliyoiandaa kwa jasho. Katika klabu yetu tumeweka sharti kwamba hoja ya kufunga mjadala haipokelewi mpaka kila nchi iliyojiandikisha imesema walau mara moja. Sharti hili ni letu. Huko mwendako hamtalikuta, kwa hiyo jiandikisheni mapema katika orodha ya wasemaji, na mkiona mlango unafungwa, simameni wawili mpinge.

Binti yule wa Makambako aliliuliza lile swali la wingi na theluthi katika zoezi letu la mwezi wa kumi, akiwa Nepal safari hii. Kurasa zake nne za Zambia bado anazo.

ZOEZI

1. Baraza lina nchi 30. Nchi 18 zimesema ndiyo, tisa zimesema hapana, tatu zimejizuia. Je, theluthi mbili imepatikana? Onyesha hesabu.

2. Mezani kuna hoja tatu kwa wakati mmoja: Kenya inataka kufunga mjadala, Oman inataka kuahirisha mjadala, na Uganda inataka kusitisha kikao kwa dakika 15. Mwenyekiti aanze na ipi, na kwa nini?

3. Rasimu ya azimio ina vipengele viwili. Cha kwanza unakitaka, cha pili kinaiumiza nchi yako. Utatoa hoja gani, na utaitoa lini?

4. Wewe ni Zambia, wa mwisho katika orodha. Mjumbe mmoja ameomba kuahirisha mjadala na adhana inasikika. Andika maneno utakayoyasema, yasizidi sentensi tatu.

Majibu yaletwe kwa walimu wa klabu, Njombe au Makambako, kabla ya zoezi lijalo.

Wabillahi tawfiq.